Beetle ya 1966, bodi imeoza chini: nipige mchanga yote au nikate?

beetle_66

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wazoefu wa bodi za magari ya zamani. Nina Volkswagen Beetle ya 1966, injini inawaka vizuri, breki zipo, huko sina shida. Shida ni bodi. Ukiiangalia ukiwa umesimama mbali utasema gari nzima kabisa, rangi bado inang'aa kiasi, ila wiki hii nimetoa siti na makapeti yote nikakutana na mambo. Chini ya siti ya nyuma upande wa kulia pale betri inapokaa kuna tundu ngumi inapita, unaona ardhi. Hita chaneli ya kushoto, ile boksi ya bati inayopita chini ya mlango, nikiisukuma na bisibisi inazama. Mlango wa kushoto haufungi mpaka uunyanyue kidogo. Digadi ya nyuma, lile bati linalofunika tairi, ina nyufa za puti (ile lipu ya kusawazisha bati), na kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele rangi imeota malengelenge.

Nimeuliza mafundi wawili wamezidi kunichanganya. Mmoja anasema tupige mchanga bodi nzima, yani mchanga upulizwe kwa presha ya hewa, iwe chuma kitupu alafu puti alafu rangi, kazi imeisha. Wa pili anasema kila palipooza pakatwe na digadi zote nne zinunuliwe mpya, tusihangaike na bati la zamani. Mimi nataka gari ibaki kama ilivyotoka kiwandani kadiri inavyowezekana, na iwe ya kutembea sio ya kuweka tu.

Kwahiyo maswali yangu: bodi inatakiwa kutolewa kwenye chesisi au nafanya ikiwa hapo hapo? Mchanga ni sawa? Na rangi yake ya asili naijuaje maana hii iliyopo sio ya kiwandani, imeshapakwa juu ya nyingine.

Fundi_Bati

Mkuu, kwanza nikuombe kitu kimoja, usimruhusu mtu yeyote asogeze mpira wa mchanga wala grinda kwenye hiyo gari mpaka ujue kwanini mlango unanyanyuliwa. Hapo ndipo pa kuanzia. Rangi na puti ni habari za mwisho kabisa, na gari nyingi za zamani zimeharibiwa na watu walioanza na rangi.

Fanya hivi. Fungua mlango nusu, ushike mwisho wake kwa chini uunyanyue na kuushusha huku mwenzako ameweka kidole kwenye bawaba. Bawaba ikicheza ujue pini imelika, hiyo ni kazi ndogo. Bawaba isipocheza hata kidogo basi bodi yenyewe imebonyea katikati kwa sababu hita chaneli haibebi tena. Usitegemee kuangalia mwanya tu, maana mlango ulioshuka kwa bawaba na bodi iliyobonyea vyote vinakuonyesha kitu kile kile, mwanya wa nyuma unabana juu unaachia chini. Kwa macho hutofautishi, ni mpaka uushike mlango.

Sasa kwanini nalisisitiza hili. Beetle haina chesisi ya reli mbili kama lori. Ina mgongo mmoja, lile handaki la katikati linalopitisha waya wa klachi na fimbo ya gia, kushoto na kulia kuna sakafu ya bati iliyochomelewa kwenye huo mgongo, alafu bodi inakaa juu na kufungwa kwa bolti kuzunguka pembeni, kati yake kuna raba ndefu ya kuzuia maji. Hita chaneli ni sehemu ya bodi sio ya sakafu, na kazi yake sio kupitisha hewa ya moto peke yake, ndizo zinazoizuia bodi isijikunje pale kwenye uwazi wa mlango ambapo hakuna kitu kingine cha kuishika. Ukizikata zote mbili kwa mkupuo bila kukaza bodi, milango haitakaa ifunge vizuri tena hata upake rangi ya namna gani.

Kwa swali lako la kwanza, kwa hali uliyoieleza mimi ningeitoa bodi, kwa sababu sakafu imetoboka na chaneli imeoza, na mshono kati yao ukiwa umefungwa huwezi kuufikia kuusafisha. Ila kabla ya kunyanyua chochote lazima uikaze. Gari isimame sehemu ya usawa, kama imebonyea weka jeki chini ya chaneli sehemu ambayo bado ina nguvu, weka na kipande cha mbao juu ya jeki, nyanyua taratibu mpaka mianya ya mlango irudi sawa juu na chini. Ikishakaa sawa ndipo uchomelee bomba za mraba ndani, moja kutoka nguzo ya mbele ya mlango kwenda nguzo ya nyuma kila upande, alafu nyingine mbili kukata kutoka kushoto kwenda kulia. Wengi wanakosea hapa, wanakaza bodi ikiwa bado imebonyea, yani wanaufungia ubovu ndani. Pima kabla, pima baada, andika vipimo kwa kalamu ya wino kwenye tepu ubandike pale pale kwenye bodi, na piga picha kila kona hata unayoona haina maana. Bolti za bodi zitakuwa zimekamatwa na kutu, zimwagie mafuta ya kulegeza siku kadhaa kabla, usizilazimishe na spana ndefu zikakatikia ndani.

Bodi ikishatoka shughulika na sakafu kwanza. Hilo tundu la kwako ni la asidi ya betri, Beetle karibu zote zinaozea hapo hapo maana betri inakaa kulia chini ya siti ya nyuma na kila inapochemka mvuke wake unatua kwenye bati. Osha eneo lote na maji yenye baking soda mpaka yaache kutoa mapovu kabla hujafanya lingine, la sivyo asidi iliyobaki kwenye mishono itaendelea kula chini ya rangi mpya. Kama ni hapo tu, kata mpaka ufikie bati zima, tengeneza kiraka. Kama sakafu yote ya kulia imekuwa nyembamba badili nusu hiyo, zinatengenezwa zikiwa zimeshapigwa mikunjo yake kama ya kiwandani.

Angalizo kubwa: namba ya chesisi imegongwa juu ya lile handaki, pale pale chini ya siti ya nyuma. Usiikwangue, usiichomelee, na mtu asikushawishi kubadili mgongo mzima. Hiyo namba ndiyo kitambulisho cha gari. Na kwa miaka hiyo namba yenyewe inasema mengi, ya kwako kama ni modeli ya 1966 inaanza na 116, hizo 11 ni aina ya gari na 6 ni mwaka wa modeli. Modeli mpya ilikuwa inaanza Agosti, kwahiyo iliyotoka Septemba 1966 inaanza na 117, ni modeli ya 1967. Hii ina maana kwako kwenye kutafuta vipande, mfano milango ya kabla ya modeli ya 1965 ina kioo kidogo zaidi, mtu akikuletea mlango uangalie kioo kwanza.

Sakafu ikipona, rudisha bodi juu yake na raba mpya, kaza bolti, alafu ndipo ukate chaneli, upande mmoja mpaka uishe ndio uende mwingine. Hiyo sakafu iliyonyooka ndiyo inakuwa kalibu yako, yani kipimo cha kushikilia bodi ikae sawa. Raba usiiache eti utaiweka mwishoni, unene wake unabadilisha kimo cha bodi na mianya yako yote itahama.

beetle_66

Aisee fundi asante sana, hii nimeikopi yote. Nimekimbia kuangalia namba, ni 116 kweli. Na bawaba nimezijaribu na mdogo wangu, hazichezi kabisa. Kwahiyo ndio bodi imebonyea?

Halafu nimepitisha sumaku kwenye bodi nzima kama nilivyoona watu wanafanya, digadi ya nyuma kushoto haishiki kabisa sehemu kubwa kama sahani, na chini ya mlango pia. Kuchomelea nitumie nini, ninayo mashine ya vijiti ya kawaida.

Fundi_Bati

Ndiyo mkuu, imebonyea, hapo huna tena cha kubahatisha.

Mashine ya vijiti iweke pembeni kwa kazi ya bodi. Bati la bodi za gari za zamani unene wake ni kama milimita 0.8 mpaka 1, kijiti kinatoboa tu. Tafuta MIG, ile mashine ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, na waya wa milimita 0.6, ukipata waya wa 0.8 inawezekana ila unahitaji mkono. Gesi ya oksijeni na asetilini ndiyo waliyotumia mafundi wa zamani na mshono wake unakuwa laini unagongeka vizuri sana na nyundo, ila joto lake linasambaa eneo kubwa, kama hujaizoea itakukunjia bati lote.

Siri ya kuchomelea bati jembamba ni kutokuwa na haraka. Kiraka kikae bila kupandana, ncha kwa ncha, mwanya mdogo kama unene wa bati lenyewe. Piga kidoti hapa, nenda upande wa pili kabisa piga kingine, rudi katikati, hivyo hivyo mpaka vidoti vikaribiane, kila kimoja kipoe mpaka uweze kukishika kwa mkono mtupu. Usivute mshono mrefu hata siku moja. Mshono ukipoa unajivuta, ndio maana bati lote la jirani linaingia ndani au linakuwa la kubonyea na kurudi likitoa mlio. Dawa yake ni kuugonga mshono ule taratibu ukiwa umekinga chuma kizito nyuma, unaurefusha tena kwa kile ulichojivuta. Ukisaga usisage mpaka bati la pembeni liwe karatasi, saga kichwa cha mshono tu.

Mama_Msasa

Habari mdogo wangu, mimi upande wangu ni rangi na maandalizi yake, fundi hapo juu kamaliza ya chuma sitarudia.

Kuhusu mchanga. Mchanga sio mbaya, ubaya ni kuupiga mahali pasipo pake. Kila chembe inayogonga bati ni kama nyundo ndogo, inalitanua lile tabaka la juu, na zikigonga kwa mamilioni upande mmoja bati linatanuka upande huo na kuvimba, watu wanadhani ni joto tu, hapana, ni hayo mapigo hasa. Boneti, paa, milango na ngozi zote pana usipige mchanga. Paa likishavimba hakuna fundi wa kulirudisha likawa kama lilivyokuwa, utalijaza puti mpaka uchoke. Ila vitu vinene, zile sehemu za mbele zinazoshika ekseli, vishikio vya bampa, rimu, mabano, hivyo vipige tu vitoke visafi mpaka kwenye vishimo. Hata hivyo ziba kwanza kila tundu, chembe zikiingia kwenye handaki au kwenye breki utazikuta huko miaka na miaka.

Ngozi pana toa rangi kwa dawa ya kutolea rangi au kwa diski laini za kusugulia, zile za nyuzi nyuzi za plastiki, spidi ndogo, usikae sehemu moja. Kama ni dawa, suuza mpaka kwenye mishono, dawa iliyojificha kwenye mkunjo itakuja kuinyanyua rangi mpya baadaye.

Kutu yenyewe inatibiwa kulingana na ilivyokula. Ile ya juu juu msasa unatosha. Iliyochimba vishimo vidogo, sugua kwanza kwa brashi ya waya alafu paka dawa ya asidi ya fosfori, inageuza kilichobaki kwenye vishimo kuwa fosfeti nyeusi nyeusi. Ila ukitumia hiyo asidi soma maelekezo yake, nyingi zinataka kusuuzwa na kukaushwa kabisa, epoksi, ile praima ya kwanza ya kuzuia maji, ukiipaka juu ya asidi mbichi haikamati, itabanduka kama gome. Na iliyotoboa haina dawa, kata. Hakuna rangi ya kugeuza tundu kuwa chuma.

Vitu vidogo kama bawaba na mabano nakushauri kuvitoa kutu kwa umeme, ni kazi ninayoipenda sana kwa sababu haili chuma kizima hata kidogo. Beseni la plastiki, maji, sodiamu kaboneti ile soda ya kufulia, chaja ya betri. Hasi ya chaja inashika kipande chako, chanya inashika chuma cha kawaida cha kutupa, visigusane. Kutu inalegea inakuwa tope jeusi unalitoa kwa brashi. Usitumie kabisa chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kinatoa kromiamu yenye sumu kwenye maji. Na fanya nje, maana beseni linatoa haidrojeni na cheche moja inatosha. Ukikitoa kikaushe na ukipake praima hapo hapo, chuma kilichotoka mle kinaanza kutu mpya ukiwa unakiangalia.

Sasa praima. Chuma kitupu kikishakuwa kisafi kipakwe epoksi siku hiyo hiyo, kwangu hili halina mjadala. Epoksi ndiyo inayozuia maji. Ile praima nene ya kujazia, ya kijivu inayosagika kirahisi, inanyonya unyevu, ukiiacha gari nje ikiwa na hiyo praima tu, maji yanapita mpaka kwenye chuma na kutu inaanza chini yake wewe huioni. Ndio maana gari inakaa muda na praima inapendeza, ikipakwa rangi malengelenge yanaibuka.

Puti sio dhambi, tatizo ni unene. Puti ni ya kusawazisha kile nyundo imeshindwa kukimaliza, ikizidi milimita 3 ujue fundi wa kunyoosha hajamaliza kazi yake, mrudishie. Ile digadi yako ambayo sumaku haishiki itoe puti yote uone ukweli, ukikuta bati lipo zima chini limebonyea tu, linanyooshwa. Digadi za Beetle zimefungwa kwa bolti, zote nne zinatoka, kwahiyo hakuna sababu ya kuzinyooshea kwenye gari. Mimi niko kinyume na yule fundi wako wa pili kwenye hili, digadi ya kiwandani iliyobonyea ninaichagua kuliko mpya ya kuiga, nyingi za kuiga bati ni jembamba na matundu ya bolti hayaangukii mahali pake, utaishia kuzigonga mpya nazo.

Kusugua tumia kibao kirefu, sio mkono. Mkono unafuata mabonde, kibao kinayaonyesha. Pulizia ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya praima alafu sugua na kibao, pale patakapobaki weusi ndio bonde, pale patakapong'aa chuma haraka ndio mlima. Anza na msasa namba 180 kwenye puti, 320 kwenye praima ya kujazia, malizia 400 mpaka 600 ya maji kabla ya rangi. Na vioo vyote vitoke pamoja na raba zake. Hayo malengelenge ya kona ya kioo hayatokani na rangi, maji yanakaa chini ya raba yanaoza bati kwa chini, ukipaka ukiwa umefunika raba kwa karatasi utayaona tena.

chuma_cha_zamani

Samahani naomba nipishane na wote kidogo. Huyu ndugu amesema anataka gari ibaki ilivyotoka kiwandani, sasa mbona kila mtu anamwambia avue mpaka chuma? FIVA, lile shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966, lina hati yake inaitwa Hati ya Turin, na wanatanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kubadilisha. Bati la asili na rangi ya asili ndiyo historia ya gari. Ukishaisaga imeondoka, hakuna wa kuirudisha.

Ushauri wangu: kabla ya kuamua, chagua sehemu ndogo iliyojificha, sugua na msasa wa 1000 wa maji taratibu mpaka uone matabaka yote, utayaona kama duara ndani ya duara. Rangi ya kiwandani itakuwa ya chini kabisa juu ya praima. Kama rangi ya juu ilipakwa bila kuchubua vizuri mara nyingi inaweza kutolewa na ya chini ikabaki, kazi ngumu ila nimeshaona paa na boneti zikiokolewa hivyo. Palipooza kata, hilo sina ubishi, usalama kwanza, ila tengeneza palipoharibika tu. Kiraka kidogo kilichofanywa vizuri ni bora kuliko pande zima jipya.

Na kujua rangi ya asili angalia nyuma ya dashibodi, ndani ya boneti chini ya lile kadibodi, chini ya raba za milango, huko wapakaji hawafiki. Rangi za Volkswagen za wakati huo zina kodi (code) ya rangi inayoanza na L, mfano L41 ni nyeusi, L87 ni nyeupe ya lulu. Ukipata kipande safi mchanganyaji rangi anaweza kukifuata hata kama kodi imepotea.

Mama_Msasa

chuma_cha_zamani hatupishani sana. Rangi ya asili ikiwa nzima na imeshika, iachwe, nakubali. Lakini hapa tumeambiwa kuna puti kubwa na malengelenge, na rangi ikishakuwa na kutu inayotambaa chini yake kuihifadhi ni kuihifadhi kutu. Achubue sehemu kwa sehemu, asivue gari nzima kwa siku moja, kila sehemu ijieleze yenyewe.

Nyongeza kuhusu rangi: Beetle hizo zilitoka na rangi ya moja kwa moja, hazikuwa na klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, juu yake. Ukipaka rangi ya msingi na klia inang'aa kama glasi na gari inapoteza sura yake ya wakati ule. Omba rangi ya tabaka moja, ukitaka kuing'arisha unaisugua na 1500 na 2000 alafu polishi. Na ule mkanda wa raba kati ya digadi na bodi uweke baada ya rangi, usipakwe rangi juu, ukipakwa unapasuka na maji yanaingia pale pale.

mlinzi_wa_karakana

Naona watu wanamwaga ujuzi ila hakuna aliyegusa afya na moto, naomba mnivumilie nikiongea kwa ukali.

Tanki la mafuta la Beetle liko mbele chini ya boneti. Litoke, na mabomba yake yatoke, kabla hujawasha mashine yoyote. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu limejaa mvuke. Betri nayo itoke. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, na baada ya kuchomelea kaa pale muda mrefu uangalie, ile lami ya chini ya sakafu na manyoya ya ndani yanafuka polepole bila moto kuonekana.

Gari za zamani zinaweza kuwa na risasi, yani madini ya lead yenye sumu. Mishono ya bodi kwenye magari mengi ya miaka hiyo ilijazwa risasi iliyochanganywa na bati (madini ya tin, sio bati la bodi), mchanganyiko wa kawaida asilimia 70 risasi na 30 bati, na rangi za zamani pia zilikuwa na risasi. Ukikutana na kitu cha kijivu laini kwenye mshono sumaku haishiki na kikipata moto kinayeyuka, hiyo sio puti. Usikisage na grinda. Vumbi lake linaingia mwilini na watoto wanaathirika zaidi ya wakubwa, kwahiyo nguo za kazi zisiingie ndani ya nyumba. Kwa rangi ya zamani sugua kwa maji, vumbi lisiruke.

Usisafishe bati kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini alafu ukachomelea. Mvuke wake kwenye moto wa weldingi unatengeneza fosjini, ni gesi ya kuua. Tumia asetoni, subiri ikauke kabisa, chupa iwe mbali.

Na rangi za kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha rangi, zina aisosayaneti, kemikali yenye sumu kwa mapafu. Hazina harufu kali ya kukuonya, na mapafu yakishaikataa mara moja utapata pumu kila ukiisogelea. Barakoa ya vumbi haisaidii chochote, inatakiwa ya kuletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama huna hiyo, kupaka rangi ya mwisho mpe mwenye chumba cha rangi, wewe fanya maandalizi.

beetle_66

Wakuu sina la kusema zaidi ya asante, na mama asante sana. Mchanga nimeshaukataa, nitapeleka rimu na mabano tu. Leo nimechubua nyuma ya dashibodi kama nilivyoelekezwa na chini kabisa kuna bluu, sijaijua kodi yake bado ila ni bluu safi kabisa, nimefurahi mno. Nimeanza na kutafuta bomba za mraba za kukaza.

Maswali mawili madogo. Kazi hii nitaifanya pole pole, bodi ikishapakwa epoksi inaweza kukaa muda gani kabla ya hatua nyingine? Na ndani ya hita chaneli mpya nitazuiaje kutu maana kule brashi haifiki?

Mama_Msasa

Epoksi ikiwa ndani pakavu inakaa vizuri tu. Cha kuangalia ni muda ulioandikwa kwenye kopo, ndani ya muda huo unapaka kinachofuata moja kwa moja, ukipita lazima uikwaruze kwanza na msasa wa 320 au pedi nyekundu ya kusugulia ili ishike. Jua lisiikalie, epoksi inaungua na kuwa unga unga. Ya kujazia usiipake mpaka ujue una nafasi ya kuendelea mpaka rangi.

Fundi_Bati

Kwenye chaneli, sehemu za bati zitakazofunikana wakati wa kuchomelea zipake praima ya zinki kabla ya kuzifunga, ile inayoruhusu kuchomelea juu yake, na hewa iwe ya kutosha maana moshi wa zinki unaleta homa. Rangi ikishaisha kabisa, sio kabla, ingiza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu wenye pua inayopuliza pande zote, anzia mwisho uwe unauvuta taratibu mpaka uone nta inachuruzika kwenye matundu ya chini. Hayo matundu ya chini usiyazibe na silanti, ndiyo ya kutolea maji, chaneli nyingi zimeoza kwa sababu mtu alidhani anasaidia akayaziba. Ila njia yenyewe ya hewa ya moto usiijaze nta, gari ikipasha utaivuta ndani. Nta inaenda kwenye ile nafasi ya nje inayozunguka hiyo njia.

Na kabla ya kumalizia kuchomelea chaneli ya kwanza, ikiwa bado imeshikwa na vidoti tu, funga mlango na kufuli lake na raba yake mpya. Raba mpya inasukuma mlango nje, mianya iliyokuwa sawa bila raba inahama. Ukifunga vizuri bila kuunyanyua, malizia. Usipofunga, kata vidoti, rekebisha jeki, rudia.